Maiki ya Krona Arobaini na Tisa

Ganda nimelifungua kwa kisu cha siagi,
maana bisibisi ndogo kaiazima Uvlla tangu Oktoba,
na Uvlla akiazima, ameoa.

Ndani mna kitu kidogo kama dengu, kinang'aa,
na mgongoni mwake vidoa viwili vya risasi.
Kimoja kimeshikana na ganda: hiyo ndiyo ardhi.
Kingine ndicho kinachosikia.
Nyaya nne: nyekundu, nyeupe, kijani, na ya shaba iliyo uchi.
Usiamini rangi. Kiwandani walivuta waya uliokuwa karibu.
Weka mita, gusa, subiri mlio.
Nyekundu hapa ni ya kitufe;
kijani ndiyo inayobeba maneno.

Heaika ameketi ng'ambo ya meza, koti hajavua.
Tangu wamkate kooni kule Tromsø
hana sauti, ana upepo.
Anasema "kahawa" na mimi naona midomo tu.
Maiki iliyokuja na redio, ya bei kubwa, haimsikii:
anabonyeza, taa nyekundu inawaka,
na kule kilimani nduguze wanapata mkwaruzo, kisha kimya.
Wameanza kumjibu kwa kukisia.
Mara mbili wamepeleka kulungu bonde silo.

Rahisi huvunja upishi, najua.
Lakini ghali imekwisha kushindwa,
basi tupike.

Pasi ya kulehemu: moja, mbili, ondoa.
Ukifika tatu dengu inaiva, haisikii tena.
(Ninazo nne zilizoiva, kikombeni, pale dirishani.)
Mlangoni mwa sauti wameweka rezista,
bawabu wa kuwapunguza wenye mapafu.
Nimemng'oa bawabu. Pahali pake kipande cha waya,
wapite hata wanaonong'ona.
Halafu kapasita, ndogo kuliko punje ya mchele,
redio isije ikajisikia yenyewe ikaanza kupiga yowe.
Juu ya tundu, kipande cha mfuko wa mkate,
pumzi isigande humo siku ya nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri;
juu yake tena, manyoya ya mguu wa kulungu,
kofia ya kuzuia upepo.
Gundi. Utepe. Utepe tena.
Ni mbaya. Inafanana na panya aliyekufa juzi.

Tulijaribu humu humu ndani:
yeye jikoni, mimi chooni na redio ya pili.
Nikasikia friji. Nikasikia saa ya ukutani.
Nikasikia kijiko changu mwenyewe
kikitulia taratibu kikombeni nilikokiacha.
Nikamsikia Heaika akimeza mate,
na kumeza kwake kulikuwa na kona, kulipinda mahali.
Sikuwa nimejua.
Nilikaa pale kidogo, bomba linachuruzika,
mikono bado inanuka risasi.

Jumamosi, siku ya kutenganisha makundi,
watu kumi na wanane kwenye masafa mamoja,
kila mtu anamkatiza mwenzake:
leta kushoto, siyo huyo, kushoto kwako,
mimi nasema kushoto kwangu.
Kisha mkwaruzo mdogo.
Pumzi, karibu mno,
kama mtu ameweka mdomo nyuma ya sikio lako:

"Nani kaacha lango la magharibi wazi?"

Masafa yakanyamaza.
Miezi saba hakuna aliyekaripiwa na mtu yule.
Pikipiki za theluji zikazimwa, moja, nyingine,
hadi ukasikia kwato tu.
Uvlla, ambaye hakosi jibu, akabonyeza, akaachia,
akabonyeza tena.
"Ni mimi," akasema.

"Funga," Heaika akanong'ona.
"Na bisibisi ya Ravdna umrudishie."